MAKHAN SINGH: MTETEZI WA WAFANYAKAZI ALIYEFUNGIWA KASKAZINI

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tumekuletea mtu ambaye pengine hukumtarajia. Siye sheikh, siye sultani, wala siye mbunge. Ni Kalasinga mmoja, fundi wa matbaa kutoka Nairobi, jina lake Makhan Singh. Utauliza, huyu anatuhusu nini sisi vijana wa North Eastern? Subiri kidogo. Ukifika mwisho utaona kuwa anakuhusu sana, hasa kama wewe ni mwalimu, muuguzi, utingo wa lori, mfanyakazi wa duka, au kijana uliyeajiriwa kuchunga ngamia wa mtu na mwisho wa mwezi unaambiwa ngoja.

KUZALIWA NA KUJA KENYA

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Disemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, huko Punjab. Wakati huo yote ilikuwa India ya Mwingereza. Leo sehemu hiyo iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala. Kama mafundi wengi wa Punjab, alivuka bahari akaja Kenya mwaka 1920 kutafuta kazi, na baadaye akafungua matbaa yake Nairobi. Mwaka 1927 Makhan na mama yake wakamfuata. Kijana alikuwa na miaka 13.

Alisomea shule ya serikali ya Wahindi mjini Nairobi, ambayo siku hizi ni Jamhuri High School. Alikuwa na akili nyingi, hasa ya hesabu. Mwaka 1931 akafaulu mtihani wa London wa kumaliza sekondari. Lakini pesa za kuendelea na masomo zilikuwa hazipo, basi akaingia kazini kwenye matbaa ya baba yake. Na hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwa sababu mtu wa matbaa husoma kila karatasi inayopita mikononi mwake, na akitaka kusema neno lake, ana mashine ya kulichapa.

NAIROBI YA WAKATI ULE

Hebu jaribu kuipiga picha Nairobi ya miaka ya thelathini. Kila kitu kilipangwa kwa rangi. Mzungu juu, Muhindi katikati, Mwafrika chini. Makaazi mbali mbali, shule mbali mbali, na mishahara vile vile. Mwafrika mwanamume alilazimishwa kutembea na kipande, akibadilisha kazi tajiri aandike humo ndani. Mfanyakazi aliyeacha kazi bila ruhusa aliweza kupelekwa kortini kama mhalifu. Fundi wa Kihindi naye, ingawa alikuwa na nafuu, alifanya kazi saa nyingi kwa siku na kufukuzwa wakati wowote.

Huko kwetu kaskazini hali ilikuwa nyengine kabisa. NFD ilikuwa eneo lililofungwa. Kwa sheria ya mwaka 1934 na zilizotangulia, mtu hakuingia wala kutoka bila pasi. Kumbuka jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

CHAMA CHA WATU WOTE

Mwaka 1934 mafundi wa Kihindi walianzisha chama chao Nairobi, lakini kilikuwa dhaifu. Machi 1935 wakamwomba Makhan Singh awe katibu. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Yaani rika lako, msomaji.

Jambo la kwanza alilolifanya ndilo lililoonyesha ni mtu wa aina gani. Kile chama kilikuwa cha Wahindi peke yao. Yeye akasema hapana. Mwezi mmoja baadaye jina likabadilishwa kikawa Labour Trade Union of Kenya, yaani chama cha wafanyakazi wa Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanyakazi bila kuangalia rangi, dini wala kabila. Ndani yake wakawemo Singasinga, Mabaniani na Waislamu, na baadaye Waafrika kama Jesse Kariuki na George Ndegwa wakaingia katika uongozi. Leo hilo laonekana jambo la kawaida. Wakati ule lilikuwa kama kupindua dunia, maana ukoloni wote ulisimama juu ya kuwatenganisha watu.

Chama kikaanza na dai moja lililo wazi. Siku ya kazi iwe saa nane. Mwaka 1936 kikatoa notisi kwa matajiri kwamba kuanzia tarehe mosi Oktoba wanachama watafanya kazi saa nane tu, na wengi wa matajiri wakakubali. Ushindi huo ukawapa watu moyo.

MGOMO WA SIKU 62

Aprili 1937 chama kikadai nyongeza ya mshahara ya asilimia 25. Wakandarasi wakakataa. Mafundi wa Nairobi wakaweka chini nyundo na misumeno, mgomo ukaanza.

Sasa tazama hapa, msomaji, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Hao wakandarasi walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa Wahindi. Watu wa lugha yake, waliokuja kwa meli zile zile, wanaosali hekalu moja na kualikana harusini. Si vigumu kuyafikiria maneno ya kuwanasihi mafundi: msituaibishe, sisi ni jamaa moja, mambo haya tuyamalize nyumbani. Ndivyo ilivyo kila mahali. Tajiri akiwa mgeni unamdai. Akiwa ndugu yako, kudai kunaitwa utovu wa adabu.

Makhan Singh na wenzake hawakumtukana mtu. Walifanya mikutano, walichapa karatasi za matangazo na kuzigawa, walichanga chakula kwa familia za waliogoma. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Mgomo ulikaa siku 62. Si mchezo! Mwishowe wakandarasi wakakaa mezani, wakatoa nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 25, wakaikubali siku ya saa nane, na waliogoma wakarudishwa kazini.

Mwaka huo huo serikali ikapitisha sheria ya vyama vya wafanyakazi, na chama kikasajiliwa. Jina likapanuliwa kikawa Labour Trade Union of East Africa, kwa kuwa wanachama walitoka hata Uganda na Tanganyika.

Mwaka 1939 makuli na vibarua wa Mombasa wakagoma. Tume ya uchunguzi ilipoundwa, Makhan Singh alifika mbele yake kuzieleza shida za wafanyakazi: mishahara midogo, vyumba vya kujazana, na deni lisilokwisha.

JELA YA INDIA

Mwishoni mwa mwaka 1939 alisafiri kwenda India. Alitaka kuona wafanyakazi wa viwanda vya huko walivyojipanga. Mwingereza alikuwa macho. Mei 1940 akakamatwa na kuwekwa ndani bila kesi hadi 1942, kisha akafungiwa kijijini kwao asitoke mpaka Januari 1945. Alipoachiwa alifanya kazi ya uandishi katika gazeti moja la Lahore, akarudi Kenya Agosti 1947.

Alikuta moto umewaka. Januari mwaka huo wafanyakazi wapatao 15,000 walikuwa wameisimamisha Mombasa nzima, bandari, reli, mahoteli na nyumba za Wazungu. Kiongozi aliyejitokeza katika mgomo ule, Chege Kibachia wa African Workers Federation, alikamatwa mwezi ule ule wa Agosti na kupelekwa Kabarnet, akakaa huko miaka kumi hivi. Serikali haikutaka mwengine wa aina hiyo. Ikajaribu mara kadha kumfukuza Makhan Singh nchini. Yeye akapambana nayo mahakamani, akabaki.

SIKU YA KALOLENI

Tarehe 1 Mei 1949, siku ya wafanyakazi, vyama kadha vya Nairobi viliungana vikaunda East African Trades Union Congress. Rais akawa Fred Kubai, kijana aliyezaliwa Pwani, wa chama cha madereva na wachukuzi. Katibu mkuu akawa Makhan Singh. Mwafrika na Muhindi, bega kwa bega. Walikuwemo madereva, mafundi cherehani, washonaji viatu na wapiga chapa. Serikali ikakataa kuisajili.

Machi 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji kwa sherehe kubwa, mwana wa mfalme akaja kutoka Uingereza. Muungano ule ukawaambia wafanyakazi wasiende, kwa sababu jiji lenyewe lilikuwa la matajiri, na wao waliolijenga walilala kwenye vibanda.

Kisha ikaja tarehe 23 Aprili 1950. Katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Waafrika wa KAU na Wahindi wa Congress yao walifanya mkutano mmoja. Azimio lililoletwa lilikuwa la maneno ya upole. Makhan Singh akasimama, akataka liongezwe dai kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, na upesi. Umati ukaunga mkono. Vitabu vya historia vinamtaja kuwa wa kwanza kulitamka dai hilo namna hiyo waziwazi katika Kenya. Miaka 13 kabla ya Uhuru!

Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai wakakamatwa. Kesho yake Nairobi ikalala. Wafanyakazi waligoma wakidai viongozi wao waachiwe, Kibachia arudishwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ikaleta magari ya deraya, ndege na moshi wa kutoa machozi. Mgomo ukadumu zaidi ya wiki moja na kuenea nje ya Nairobi. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kuwa waliogoma walizidi laki moja.

KASKAZINI KAMA JELA

Walimpeleka Nyeri mbele ya Jaji Thacker. Huyu Thacker ndiye aliyeongoza baraza la mishahara la Mombasa mwaka 1947, na ndiye aliyekuja kumhukumu Kenyatta na wenzake Kapenguria. Makhan Singh hakujificha. Alikiri kuwa yeye ni mkomunisti, na akasema serikali ya Mwingereza haina haki ya kuitawala Kenya. Kuhusu hilo la kwanza, sisi Waislamu tuna njia yetu na tofauti iko wazi. Lakini haki ni haki hata ikitetewa na mtu usiyekubaliana naye katika kila jambo, na dhuluma ni dhuluma.

Hakupatikana na kosa la wizi wala la kumwaga damu. Gavana alitia sahihi tu kwamba huyu ni mtu asiyetakikana, afungiwe mbali, bila kutaja mwisho. Juni 1950 akapelekwa Lokitaung, huko Turkana, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan ya wakati ule. Baadaye Maralal. Baadaye Dol Dol. Hali ya hatari ikatangazwa 1952, yeye yumo ndani. Ikaondolewa Januari 1960, yeye bado yumo. Kenyatta akaachiwa Agosti 1961. Makhan Singh alitoka Oktoba 1961, baada ya miaka zaidi ya 11. Aliingia ana miaka 36, akatoka ana 47. Ukiongeza ile ya India, Mwingereza alimfungia karibu miaka 16.

Sasa rudi kwenye lile nililokuambia ukumbuke. Kwa nini walimleta kaskazini? Kwa sababu mkoloni aliigeuza ardhi hii yote, kuanzia Turkana hadi Mandera, kuwa nyuma ya ukuta. Bila barabara, bila shule, bila gazeti. Kwake yeye, nchi tunayoiita nyumbani ilikuwa mahali pa kumtupa mtu asisikike. Na sheria ile iliyomnyima mfanyakazi wa Nairobi sauti, na ile iliyomnyima mfugaji wa Wajir kutembea bila pasi, zilitoka kwenye kalamu moja.

MWISHO WAKE

Uhuru ulipokuja 1963, wengi waliwahi vyeo. Makhan Singh hakupewa cheo chochote. Hakulalamika magazetini. Alirudi kwenye makaratasi yake, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952, kitabu kilichotoka mwaka 1969. Cha pili kilitoka 1980, yeye hayupo tena. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 59.

NA SISI JE?

Msomaji, tusisome maisha ya watu kama hadithi ya kulalia. Hebu tuangalie kwetu.

Hapa North Eastern viwanda ni vichache, kwa hiyo mtu hudhani habari za vyama na migomo ni za Mombasa na Thika. Si kweli. Mnamo tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku kumi baadaye, vibarua 36 wa machimbo ya mawe waliuawa usiku huko Koromey wakiwa kwenye mahema yao. Walimu wasio wenyeji wakakataa kurudi Januari 2015, na mvutano ukawa mkubwa kati yao na mwajiri wao, TSC. Mwalimu ana haki ya kufanya kazi bila kuhofia roho yake. Mtoto wa Kutulo naye ana haki ya kuwa na mwalimu wa hesabu. Haki zote mbili zilivunjwa na wauaji wale wale, na aliyelipa gharama ni mtoto na mwalimu. Anayesema ulinzi wa mfanyakazi ni jambo la wafanyakazi peke yao, aangalie madarasa yetu yaliyobaki bila mtu ubaoni.

Lakini ndipo hapo hapo tukaona kitu cha kutia moyo. Tarehe 21 Disemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu wa basi jengine walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Alikuwa mwalimu, mtu wa mshahara kama wale wengine, na hakukubali kuambiwa kuwa mwenzake ni mtu mwengine. Allah amrehemu.

Kisha liko lile jambo gumu zaidi, la tajiri aliye ndugu. Wengi wetu tumeajiriwa na watu wa ukoo wetu. Utingo ni mpwa wa mwenye lori. Mchungaji ni mtoto wa binamu. Msichana wa kazi ameletwa kutoka bulla kwa jina la kusaidiwa. Hakuna mkataba, hakuna siku ya kupumzika, na mshahara hulipwa ikikumbukwa. Akidai, anaambiwa hana shukurani, na wazee wanaitwa. Ukoo ni neema kubwa, umetuvusha katika ukame na vita. Lakini usitumike kula jasho la mtu. Mafundi wa 1937 waliwaheshimu wazee wao, na bado wakadai haki yao.

Na tofauti yetu nao ni kwamba sheria leo iko upande wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikiwe mkataba. Upate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi ukitimiza mwaka. Mshahara ni pesa, siyo ahadi. Ukiumia kazini, iko sheria ya fidia ya mwaka huo huo wa 2007. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inakupa haki ya malipo ya haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma, ingawa mgomo una taratibu zake. Kwanza mazungumzo na usuluhishi, kisha notisi ya maandishi ya siku saba. Haya yote yalidaiwa na watu waliofungwa kwa ajili yake.

Kwa hivyo ndugu yangu, kama umeajiriwa, usiogope kuuliza karatasi yako. Na kama wewe ndiye uliyeajiri, hata ni mtoto mmoja tu wa kuchota maji, mwite kabla ya Idd, fanya hesabu naye, umlipe chake chote. Kufunga kutwa huku haki ya mtu iko mfukoni mwako ni kujichosha bure.

Wallahu a'lam. Ramadhan Kareem.